Sufuria Moja, Sahani Tofauti: Maswali Yenu Kuhusu Kisukari cha Mimba

Habari zenu wapendwa. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya wamama wanaoambiwa kliniki kwamba wana kisukari cha mimba, sikutegemea kabisa, meseji zimeingia mpaka nikashindwa kujibu moja moja. Nimezisoma zote. Nyingi zinauliza jambo lilelile, yaani "sasa nile nini?", kwahiyo nimechukua chache zinazobeba na za wenzao, na majina sijaweka kama mlivyoomba. Mimi ni mkunga, na mimba yangu ya mwisho niliibeba na sukari, kwahiyo haya ninayowaandikia mengine nimeyasoma na mengine yamenipata.

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 31, mimba ya pili, wiki 27. Nilinyweshwa maji ya glukozi nikatolewa damu mara tatu wakasema nina kisukari cha mimba. Nesi akaniambia acha wanga, yaani ugali, wali, viazi, ndizi, mkate, matunda vyote acha. Wiki ya pili sasa nakula mchicha na mayai na maji, nimepungua kilo 2, kichwa kinauma kila siku, na mdomo unanuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mama mkwe anasema nimejitakia na soda zangu. Nisaidie, Mbagala.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla sijasema lolote naomba ule. Sio kesho, leo hii ukishaweka simu chini. Hiyo harufu ya dawa ya kucha na hicho kichwa vinaelekea sehemu moja, mwili umekosa wanga ukaanza kuchoma mafuta, na mafuta yakichomwa kwa wingi hivo yanatoa kitu kinaitwa ketoni, na ketoni nyingi kwa mama mjamzito hatuzitaki kabisa. Kesho asubuhi nenda kliniki waambie wakupime ketoni kwenye mkojo, ni kile kijiti kinachobadilika rangi tu, na kama leo ukianza kutapika au kuhema haraka haraka usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huohuo.

Nakuonea uchungu kwasababu na mimi niliambiwa hivohivo, tena hospitali nisiyoitaja, acha wanga wote, na pamoja na ukunga wangu nikaogopa nikatii, siku kumi nzima nakula matango na samaki wa kuchemsha mpaka nikaanguka kituo cha daladala, wamama wa watu wakanishika wakaninunulia chungwa na karanga. Yule aliyeniambia hakuwa mtu mbaya, alikuwa na benchi zima la wamama wanamsubiri na kila mmoja ana dakika zake tatu. Lakini neno "acha wanga" kwa mjamzito ni neno la hatari na sitaacha kulisema. Mama mwenye mimba anahitaji wanga usiopungua gramu 175 kwa siku. Mtoto anakula sukari hiyo, ubongo wake unajengwa nayo. Tunachofanya sio kuufuta wanga, tunaugawa, usiingie wote kwa mkupuo mmoja.

Sasa kuugawa kunakuaje. Chukua wali uliopikwa, theluthi ya kikombe cha chai ina kama gramu 15 za wanga, kwahiyo kikombe kimoja kilichosawazishwa juu, sio kile cha mlima, ni kama 45. Hicho ndo kipimo cha mchana, na hichohicho cha usiku. Ugali kipande kama ngumi yako mwenyewe uliyoikunja, unacheza humohumo. Asubuhi tunashuka mpaka 30 hivi, nitakwambia kwanini. Halafu katikati, saa nne, saa kumi na kabla ya kulala unakula kitu kidogo chenye 20 hivi, chungwa moja na karanga za kujaza kiganja, au mtindi usiotiwa sukari na kipande cha papai. Ukijumlisha unafika 175 na zaidi kidogo, na njaa hauna.

Sahani yenyewe igawe kwa macho. Nusu nzima ni mboga, mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, bilinganya, chochote kilichopo genge la hapo kwenu. Robo ni samaki au dagaa au kuku au mayai au maharage, na maharage kumbuka yana wanga wake ndani, kwahiyo siku ya maharage ugali unapungua kidogo. Robo iliyobaki ndo ugali au wali. Na anza na mboga na samaki, ule kidogo tumbo lipate kazi, afu ndo uingie kwenye ugali, sukari inapanda taratibu zaidi ukila kwa mpangilio huo. Najua ugali unaliwa vyote kwa pamoja, tonge na mboga, hivo ndivo tulivyolelewa, ila mchicha unaliwa hata kwa kijiko.

Asubuhi ndo pagumu. Homoni za asubuhi zinaufanya mwili ukatae insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu, kuliko muda mwingine wowote, na sisi asubuhi ndo tunakunywa chai ya sukari vijiko vitatu na maandazi mawili na kitumbua, yaani tunapeleka mzigo mkubwa saa ambayo mlango ni mwembamba. Jaribu mayai mawili ya kuchemsha na kipande kimoja cha kiazi kitamu cha kuchemsha, kuchemsha sio kuchoma maana cha kuchoma kinapandisha sukari haraka zaidi, na chai ya tangawizi bila sukari. Au supu ya samaki na nusu chapati, nusu nyingine mpe mwanao. Au maharage ya jana na kipande kidogo cha muhogo. Chai ukitaka ya maziwa sawa ila maziwa nayo yana sukari yake ya asili, glasi ya mililita 250 ina kama gramu 12, ihesabu. Na chai isikae karibu sana na vidonge vyako vya kuongeza damu, inazuia madini ya chuma yasiingie.

Haya, mama mkwe. Mwambie kwa heshima zote, au muoneshe hapa asome. Kondo la nyuma lenyewe ndo linatoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, ni kwa wajawazito wote, mwili unafanya makusudi ili sukari ipatikane ya kumpelekea mtoto. Wengi kongosho linaongeza insulini linafidia mambo yanaisha. Wengine halifidii vya kutosha, labda kwasababu ya ukoo, umri, uzito wa kabla ya mimba, au mimba iliyopita, na wengine hawana hata moja kati ya hayo na bado inawapata. Ndo maana wanapima wiki ya 24 mpaka 28, muda ambao kondo linazidi kukua na homoni zimepanda. Soda ni kweli iache, chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai na hiyo ni nyingi kwa mtu yeyote, ila soda haikukuletea kondo la nyuma. Usibebe lawama juu ya mimba, mimba yenyewe inatosha.

SWALI: Mama mkunga mimi niko Mwanza wiki 30, mume kanitafutia mashine ya kupimia sukari ya mtumba kutoka kwa rafiki yake. Kliniki waliniambia asubuhi isizidi 5 na kidogo. Nimepima imeandika 118!! Nimelia mpaka nimechoka, je mtoto yuko salama?

JIBU: Futa machozi mdogo wangu. Mashine yako imeandika kwa kipimo kingine. Ziko zinazosoma kwa milimoli ndo hizo za kliniki, na ziko zinazosoma kwa miligramu. Gawanya kwa 18. Mia na kumi na nane ukigawa unapata 6.5 hivi. Kama ulipima kabla ya kula basi ni juu ya kiwango, uwaone kliniki wiki hii hii, ila sio ile hesabu iliyokuliza.

Malengo yanayotumika sehemu nyingi ni haya: asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kuanza kula chini ya 7.8, au ukipima baada ya masaa mawili iwe chini ya 6.7. Saa unaihesabu kuanzia tonge la kwanza. Kama daktari wako amekupa namba zake fuata za kwake.

Na kitu kimoja wengi hawaambiwi, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa kidole. Umemenya embe, umeshika chungwa, ile sukari iliyobaki kwenye ngozi inaingia kwenye tone la damu na mashine inasoma juu kabisa ya ukweli. Nimeshaona mama amepelekwa mbio hospitali kwa namba iliyotoka kwenye embe. Mashine ya mtumba pia ipeleke kliniki siku moja upime kwa yao na kwa yako kwa pamoja ulinganishe, na angalia tarehe ya mwisho ya vile vijiti, vikipita tarehe au kopo likikaa wazi na unyevu wa ziwani huko havisemi kweli.

Vijiti ni ghali, najua. Kama huwezi kupima mara nne kila siku ongea na kliniki yako, wengine wanapanga leo asubuhi na baada ya mchana, kesho asubuhi na baada ya usiku, hivo hivo. Andika namba na pembeni uandike ulikula nini. Baada ya wiki moja daftari lako litakuwa linakujua kuliko mimi.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwanaume, niko Dodoma, mke wangu ana miezi saba na ana hiyo sukari ya mimba. Nimeacha kununua sembe nanunua dona tu, na nimemtengenezea unga wa lishe wa nafaka tisa, anakunywa uji vikombe viwili asubuhi unawekwa asali badala ya sukari. Lakini sukari baada ya uji inafika 10 na 11. Nakosea wapi?

JIBU: Kaka yangu kwanza asante, natamani wanaume wote waandike barua kama hii yako. Humpendi mkeo kwa maneno tu. Lakini uji ndo unawaangusha.

Nafaka ziwe tisa au moja, zote ni wanga. Ukizisaga laini ukazipika na maji mengi umeshafanya kazi ya meno na nusu ya kazi ya tumbo, inabaki kuingia kwenye damu tu. Ulezi una madini mazuri, mtama mzuri, ila kwenye uji vikombe viwili asubuhi, saa ileile mbaya niliyomwambia wa Mbagala, lazima namba zipande. Na asali, hata ikiwa ya nyuki wadogo kutoka porini, ni sukari. Sukari guru ni sukari. Tende ni sukari yenye nyuzinyuzi. Damu haiulizi imetoka kwa nyuki au kiwandani.

Dona endelea nayo, ni chakula kizuri, ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imezitupa mashineni. Ila unga wa sembe na wa dona ukiupima gramu 100 kwa 100 wanga wake unakaribiana sana, zote ni kama robo tatu ya uzito. Kwahiyo ugali wa dona nao ni ngumi moja. Hili ndo kosa ninalokutana nalo kila wiki, mtu anaambiwa dona ni ya wagonjwa wa sukari basi anapakua mlima, afu anashangaa.

Fanya hivi, kesho asubuhi mpe mayai mawili na karanga na kipande cha muhogo wa kuchemsha, apime baada ya saa moja uone tofauti. Uji akiutamani sana anywe nusu kikombe saa nne, mzito, usio na asali, umechanganywa karanga za kusaga, na asiunywe peke yake. Halafu mkimaliza kula usiku mshike mkono mtembee dakika 10 mpaka 15 hapo mtaani. Misuli ikitembea inavuta sukari yenyewe bila kusubiri insulini nyingi. Kutembea huko baada ya mlo nimekuona kukishusha namba kwa wamama wengi kuliko hivo vinywaji vya mlonge na mdalasini mnavyotumiwa kwenye simu. Na kwenye mitishamba nisisitize, uwatu, mlonge wa kuchemsha mizizi, majani sijui ya nini, kuna mengine yanachochea mfuko wa uzazi ujikaze kabla ya wakati. Chochote mnachotaka kumpa mwambieni daktari kwanza.

SWALI: Mama mie wa Bukoba. Huku kwetu tunakula ndizi, sio ugali. Ndizi nazo ni wanga? Na senene je?

JIBU: Ndizi ni wanga ndio, ila ndizi mbichi ya kupika inapandisha taratibu kuliko iliyoiva, kwahiyo umekaa pazuri. Vipande vitatu vinne vya saizi ya kidole kirefu, na maharage au nyama ndani, na mboga nyingi pembeni, sio ile sahani ya kitoke inayofunika meza. Ndizi ikianza kuwa njano ndo wanga unageuka sukari, hizo mbivu kula moja ndogo kama ndizi kisukari, na karanga.

Senene kula mwanangu, ni protini na mafuta, havipandishi sukari. Msimu wake ukifika wa mwezi wa kumi na moja furahi. Angalia chumvi tu kama presha iko juu, na wakaangwe vizuri.

SWALI: Bi mkunga salaam kutoka Mombasa. Nina wiki 33. Nimejitahidi chakula chote, mahamri nimeacha, baada ya kula niko 6 na kitu mara zote, ila asubuhi nikiamka 5.8, 5.9, siku nyengine 6. Daktari asema nianze sindano za insulin. Mama yangu akataa, asema ukianza sindano huachi tena maisha, na mtoto kuwa mkubwa ni neema tupu. Nami naogopa sindano. Nikila chakula cha usiku mapema zaidi au nisile kabisa itashuka?

JIBU: Aleikum salaam dada. Umefanya kazi kubwa, hizo namba za baada ya kula ni za mtu anayejitunza kwelikweli, nataka ulijue hilo kwanza. Namba ya asubuhi haitokani sana na ulichokula usiku. Ukiwa umelala ini lako linatoa sukari lenyewe, na alfajiri homoni zinaliongezea kasi, na insulini yako haitoshi kulituliza. Ukiacha kula usiku ndo unaweza kuliongezea ini sababu ya kutoa zaidi, na ketoni juu yake. Kula kitu kidogo kabla ya kulala, mtindi au nusu parachichi na kipande kidogo cha mkate wa unga usiokobolewa, jaribu siku tatu. Ikibaki palepale basi chakula kimefika mwisho wa uwezo wake na sindano inaingia. Sio kwamba umeshindwa.

Insulini haivuki kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Sukari inavuka. Hapo ndo penyewe. Daktari mmoja wa Denmark, Jørgen Pedersen, alilieleza hili miaka ya 1950: sukari ya mama ikiwa juu inapita kwa mtoto, mtoto anatengeneza insulini yake nyingi kuipambania, na hiyo insulini inamjaza mafuta na kumkuza. Kwahiyo huo ukubwa mama anaouita neema ni mtoto anayefanya kazi ya kongosho la mama yake. Akizaliwa mabega yanaweza kukwama, na mimi nimesimama kwenye vitanda hivo, sitaki nikueleze kwa undani. Na akishatoka, sukari ya mama imekatika lakini insulini yake bado iko juu, anashuka ghafla, ndo wale watoto wanakuwa baridi wanatetemeka. Mwaka 2008 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi 9 wenye wajawazito zaidi ya 23,000, ulionesha hatari inapanda taratibu kadiri sukari inavyopanda, hata chini ya viwango vilivyokuwa vinaitwa kisukari zamani. Hakuna ngazi moja ya hatari, ni mteremko.

Kuhusu kuacha, wengi mno sindano wanaiacha siku ileile ya kujifungua, kondo likitoka na homoni zake zimetoka. Insulini yenyewe iligunduliwa Toronto mwaka 1921, kabla ya hapo mwanamke mwenye kisukari kupata mimba na akavuka salama yeye na mtoto ilikuwa bahati nadra. Mwambie mama hivyo, kwa upole, ukiwa umeketi naye. Siku ya kwanza nenda na yeye kliniki aone ile sindano ilivyo fupi na nyembamba.

Ukishaanza, jua dalili za kushuka: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Pima, ikiwa chini ya 3.9 kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari, au soda ya kawaida nusu chupa ndogo, subiri dakika 15 pima tena, kisha ule chakula. Ndo soda pekee nitakayokuruhusu.

Na mahamri usiyalilie, sijasema usiguse tena. Hamri moja dogo na mbaazi za nazi nyingi siku moja moja, saa ya mchana sio asubuhi, upime uone. Samaki wa kupaka ule tu, tui la nazi ni mafuta sio sukari. Ila papa punguza au acha mpaka ujifungue, samaki wakubwa wala wenzao wana zebaki nyingi, changu na tasi ni salama zaidi.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Unguja, Ramadhani inaingia nami nitakuwa miezi saba, nna sukari ya mimba natumia vidonge. Wenzangu wote nyumbani wanafunga, naona haya kula mchana. Na futari zetu unazijua. Nifunge?

JIBU: Waalaykum salaam mpenzi. Kitabibu mama mjamzito mwenye kisukari yuko kwenye kundi la hatari kubwa na ushauri ni asifunge. Masaa zaidi ya kumi na tatu bila maji wala chakula, afu futari nzito kwa wakati mmoja, ni kinyume cha kila kitu tulichokiongea hapa. Na dini imekuachia mlango, Surat al-Baqara aya ya 184 na 185 zimemtoa mgonjwa, na maulamaa wamemuingiza na mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto. Mambo ya kulipa au fidia muulize sheikh wako, mimi sio mahali pangu. Haya usione. Kula chumbani ukitaka lakini ule.

Jioni kaa na wenzako kama kawaida. Tende moja, sio tatu. Supu au uji wa pilipili manga usio na sukari, nusu bakuli. Sambusa za nyama mbili. Kisha chagua kimoja tu cha wanga mezani, muhogo wa nazi au ndizi au viazi vitamu au mkate wa kumimina, kipande kimoja cha kweli, na samaki na kachumbari kwa wingi. Tambi za sukari na kaimati ziache zipite kwa wengine mwaka huu, najua ni ngumu, mwaka mzima zinasubiriwa. Juisi ya ukwaju bila sukari. Halafu tembea kwenda tarawehe, hata kama ni hapo jirani zunguka mtaa kwanza.

Ukiona huwezi kabisa kuacha kufunga basi nenda kwa daktari kabla mwezi haujaandama, saa za vidonge zipangwe upya, na ukubali kutoboa kidole mchana, maulamaa wengi wanasema hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9, au ukihisi vibaya, kunywa maji yenye sukari palepale. Mtoto akipunguza kucheza fungua na uende hospitali, usisubiri adhana.

SWALI: Mama mkunga, Moshi hapa. Nimejifungua wiki tatu zilizopita kwa amani, mtoto kilo 3.2, sukari wamesema imerudi sawa. Nanyonyesha. Bibi ananipa mtori kila siku na uji wa sukari nyingi ili maziwa yatoke. Naweza kurudi kula kama zamani?

JIBU: Hongera sana sana mama! Kilo 3.2, hiyo ni kazi yako kila tonge. Mtori kula, ndizi mbichi na nyama, ni chakula kizuri cha mzazi, bakuli moja sio tatu. Mwambie bibi kwa mapenzi kwamba maziwa hayatoki kwenye sukari, yanatoka kwa mtoto kunyonya mara kwa mara na mama kunywa maji na kula vya kutosha. Uji anywe na yeye wenye sukari yake, wewe akupe usio na sukari wenye maziwa kidogo. Na kunyonyesha kwenyewe kunakusaidia, mwili wako unatumia sukari kutengeneza maziwa.

Kurudi kama zamani kabisa hapana. Aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano mara kadhaa zaidi wa kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele, na kipimo cha kujua umesimama wapi kinafanyika wiki ya 6 mpaka ya 12 baada ya kujifungua, kilekile cha maji ya glukozi, kisha kila mwaka mmoja mpaka mitatu. Hapa ndo wamama wanapotelea, mtoto analia, nguo hazijafuliwa, nani atakumbuka sukari. Kwahiyo kifungie kwa mtoto. Chanjo yake ya wiki sita iko kwenye kadi, siku hiyohiyo au siku inayofuata omba upimwe, ulizia mapema kama hapo kliniki wanapima au wanakutuma hospitali ya wilaya. Nenda bila kula tangu usiku, nenda na mtu wa kukushikia mtoto, na kwenye mkoba weka mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, maana utakaa pale masaa mawili na njaa ya mama anayenyonyesha haisubiri.